UZI: Shela si "Lamu ya wazungu". Historia ya mtaa, nyumba zake na maji yake

mwana_wa_shela

Wadau, asalaam aleikum na habari za jioni.

Juzi humu kuna mtu aliandika kwamba Shela ni "Lamu ya wazungu", hakuna la kuona ila mahoteli na watu wanaotembea pekupeku na vikoi vya bei mbaya. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Nimezaliwa Shela. Marehemu baba alikuwa fundi wa chokaa, na hizo nyumba mnazoziona kwenye magazeti ya Ulaya, kuta za kadhaa kazilainisha kwa mkono wake. Basi naleta uzi. Nitauleta kwa vipande maana naandikia simu.

Kwa asiyejua: Shela ipo kisiwa kile kile cha Lamu, kama kilomita 3 kutoka mji wa Amu, yaani Lamu mjini. Ukifuata ukingo wa bahari kwa miguu ni dakika 40, ila uangalie maji. Yakijaa utalowa magoti na viatu umevishika mkononi. Kwa boti ni dakika 10. Ukiupita mtaa wenyewe unaanza ufuo, kilomita 12 hivi za mchanga mtupu, na nyuma ya ufuo ndiyo milima ya mchanga. Hiyo milima iwekeni akilini, nitairudia.

Kwenye makaratasi ya serikali imeandikwa Shella, kwa L mbili. Sisi moja yatutosha.

---

mwana_wa_shela

Tuanze na asili. Washela hawakuanzia Shela, walitoka Takwa.

Takwa ipo kisiwa cha Manda, ng'ambo yetu. Ulikuwa mji wa mawe wenye ukuta na msikiti wa Ijumaa, ukastawi miaka ya 1500 na 1600. Mwishoni mwa miaka ya 1600 watu wakauhama, wengi wao wakavuka mkondo wakaja kutua hapa. Leo ni magofu chini ya Makumbusho ya Taifa, na mibuyu imeota mle watu walimokuwa wakilala.

Kwa nini walihama? Wasomi wana mengi ya kusema, lakini wazee wetu jawabu lao ni moja: maji. Visima viligeuka chumvi.

Nje ya ukuta wa Takwa kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani kama 1683. Washela hadi leo huvuka kwenda kuzuru pale, wakasoma dua na kuomba mvua. Mara ya kwanza kwenda nilikuwa na miaka tisa. Safari yenyewe ni ya kuvizia maji, kwa sababu ule mto unaoingia kati ya mikoko hukauka bamvua likitoka, na mashua ikikaa topeni mtangoja mpaka yarudi. Nakumbuka watu wamebanana, harufu ya tope na ya kahawa, na bibi yangu amekumbatia dumu la maji mapajani kama mtoto. Nikamuuliza, bibi, kwani huko hakuna maji? Akanitazama, asijibu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tunakwenda kuomba mvua kwenye mji uliokufa kwa kiu, na maji ya kunywa tumeyachukua kwetu.

---

Kaskazi84

Mkuu tupo, endelea. Ila usisahau ile vita. Babu yangu wa Pate alikuwa hataki kabisa kuisikia Shela ikitajwa 😂

---

mwana_wa_shela

@Kaskazi84 babu yako ana haki.

Vita vya Shela ni karibu mwaka 1813. Pate ilikuwa dola kubwa ya visiwa hivi na ilitaka Lamu iwe chini yake, ikashirikiana na Mazrui, watawala wa Mombasa. Majahazi yao yakatia nanga hapa Shela. Watu wa Amu wakatoka, wakapigana ufuoni. Wazee husimulia kwamba wavamizi walipogeuka kukimbilia vyombo vyao walikuta maji yametoka, vyombo vimelala ubavu mchangani. Waliouawa hawahesabiki. Upepo wa kusi ukivuma sana na kuihamisha milima, mifupa huonekana. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kucheza upande fulani kwa sababu hiyo, na bila shaka tulikwenda.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuja baada ya vita. Amu walishinda, kisha wakaogopa kulipiziwa kisasi, wakamwita Sayyid Said wa Oman awe mlinzi wao. Akaleta gavana na askari. Ile ngome ya mjini, ambayo wageni hudhani ni ya Wareno, ilimalizika 1821. Mazrui baadaye wakavunjwa Mombasa, Pate ikafifia, na Sayyid Said akahamia Unguja. Sisemi yote hayo yalitokana na ufuo wetu. Nasema yule anayekuja kupigia picha machweo hapa anakanyaga pahali ambapo mambo ya pwani nzima yaligeuka.

---

mwana_wa_shela

Baada ya vita ndipo Shela ilipong'ara. Msikiti wa Ijumaa wenye ule mnara mweupe ulijengwa 1829. Mnara wetu ni wa duara, mpana chini na mwembamba juu, na nahodha akitoka bahari kuu huuona kabla hajaona nyumba. Nyumba nyingi za mawe ambazo leo ni majumba ya watu wakubwa zilijengwa karibu na wakati huo.

Kisha ikaja kushuka. Biashara iliyoilisha pwani hii ilisimama juu ya migongo ya watumwa, tusijifiche hapo. Mashamba ya bara yalilimwa nao. Utumwa ulipokatazwa, utajiri ukayeyuka, na wenye kujiweza wakahamia mjini au Mombasa. Shela ikabaki kijiji cha wavuvi kilichojaa magofu. Bibi yangu alizaliwa kwenye kibanda cha makuti kilichoegemezwa ukuta wa nyumba ya mawe ya babu yake, kwa sababu dari ya nyumba yenyewe ilishaanguka na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuirudisha.

Nazungumzia nyumba hizi hizi zinazokodishwa kwa wiki leo.

---

mgeni_njiani

Samahani kuingilia. Mimi wa Nairobi, nilikuja mwaka juzi na familia tukalala kwenye moja ya hizo nyumba. Kitu kilichonishangaza, vyumba vyembamba na virefu kama korido! Nyumba kubwa hivyo, kwa nini?

---

mwana_wa_shela

@mgeni_njiani swali tamu, baba angekupenda.

Ni boriti. Dari ya nyumba yetu hubebwa na miti ya mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka haifiki mbali kabla haijaanza kupinda kwa uzito wa mawe na chokaa ya juu. Kwa hiyo upana wa chumba hauzidi mita 3, mara nyingi haufiki hata hapo. Urefu utakavyo wewe. Ukiingia nyumba ya zamani unapita daka, yaani ule ukumbi wa mlangoni wenye baraza za kukalisha wageni. Kisha tekani, mahali njia inapopinda ili aliye nje asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, yaani vyumba virefu, kimoja nyuma ya kingine, na kila hatua sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua, mpaka ufike ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba. Huko ndiko kwenye zidaka, ule ukuta wa vishubaka vya plasta iliyochongwa, watu walimoweka sahani za China na misahafu.

Kuta ni matumbawe, na mengi hutoka Manda. Chokaa ni matumbawe hayo hayo. Hupangwa juu ya lundo kubwa la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe yanavunjika kwa kidole, yakamwagiwa maji, yakaachwa shimoni. Baba alikuwa hagusi chokaa changa. Alikuwa akichovya mwiko, anautazama ukidondosha, anasema "bado haijatulia", anakwenda zake kunywa kahawa. Mwenye nyumba Mzungu amekuja kwa ndege kutoka Italia, ana wiki mbili tu, na fundi amekaa barazani anangoja chokaa itulie.

Wengine hawakungoja, wakaleta saruji. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe haipumui. Unyevu hunaswa ndani, na baada ya masika mawili plasta inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Baba alipata kazi nyingi kwa kubandua saruji za mafundi wenzake.

Kichekesho chake kikubwa kilikuwa zidaka. Mwenyewe alizichonga kwa kisu kidogo alichokinoa mpaka kikabaki nusu, siku nzima mstari mmoja. Siku moja akarudi nyumbani anacheka hadi machozi: kaambiwa achonge zidaka chooni, za kuwekea sabuni na mataulo. Akazichonga. Pesa ni pesa.

Siku hizi vyumba vipana vimeingia. Nguzo za zege zinabeba dari, na boriti zimepachikwa chini yake kwa urembo. Ukitaka kujua, tazama upana wa chumba. Ukizidi hatua nne kubwa, hizo boriti hazibebi kitu.

---

mtu_wa_langoni

Haya yote mazuri, ndugu yangu wa Shela, lakini tuseme ukweli. Mnalia wazungu wazungu, na mliuza wenyewe. Langoni na Mkomani, huku Amu mjini, tumebaki.

---

mwana_wa_shela

@mtu_wa_langoni nilijua utakuja, karibu. Mkomani nako tuhesabu milango, ndugu yangu, tuone mingapi ina funguo zake Ulaya. Lakini sikatai, tuliuza.

Ilivyokwenda ni hivi. Mwaka 1967 ilifunguliwa hoteli ya Peponi pale mwanzo wa ufuo, na familia ya Kidenmark. Ndogo tu, vyumba vichache. Miaka ya 70 wakaja mahipi, wenye nywele ndefu na mabegi, wakalala juu ya madari ya watu kwa shilingi chache. Wazee walinung'unika juu ya mavazi lakini hakuna aliyeona hatari. Baadaye wale wale wakarudi wakiwa na pesa, au wakawaleta ndugu zao wenye pesa. Wakaona magofu ukingoni mwa bahari, bila gari hata moja, punda tu, na adhana kutoka mnara wa 1829. Wakauliza bei.

Sasa jiweke mahali pa mwenye gofu. Lina warithi kumi na saba, wengine Mombasa, wengine Jeddah. Mti umeota sebuleni. Kulirudisha kwahitaji pesa ambazo ukoo mzima haujapata kuziona kwa pamoja. Anakuja dalali na begi. Gofu la babu yake bibi yangu liliuzwa hivyo hivyo, miaka ya 80, kwa pesa ambazo leo hazinunui mlango wake wa mbele. Pesa zikagawanywa, kila mmoja akapata ya kununua mashine ya boti, au mahari, au bati. Fungu la bibi lilijenga nyumba ya vyumba viwili nyuma, karibu na mchanga. Humo ndimo nilimozaliwa.

Mnunuzi, nimpe haki yake, aliinua ile nyumba vizuri. Bila yeye ingekuwa rundo la kifusi. Na ndiye aliyemwajiri baba kwa miaka, na shangazi yangu jikoni. Ndiyo maana mtu wa nje akiniuliza kama wageni wametuharibia au wametufaa, humjibu kwa kumkaribisha kahawa kwanza, maana jawabu lina vikombe vitatu.

Amu ilipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, bei zikapaa zaidi, na Shela haimo ndani ya mstari wa mji ule mkongwe uliolindwa. Kwa hiyo mjini ukitaka kuongeza ghorofa utasumbuliwa, huku kwetu majumba yamepanda mpaka yanauzibia mnara upepo. Vijana wetu wakioa wanatafuta chumba Wiyoni au Kandahari, huko Amu.

---

Kaskazi84

Na ule mwaka wa utekaji je? Mimi nilikuwa nafanya kazi ya boti, nakumbuka tulikaa hivi hivi.

---

mwana_wa_shela

@Kaskazi84 Oktoba 2011. Mwanamke Mfaransa, mlemavu, akachukuliwa usiku kutoka nyumbani kwake Manda, ng'ambo yetu hapa, akapelekwa Somalia, akafia huko. Wiki chache kabla, Mwingereza aliuawa na mkewe kutekwa Kiwayu, kaskazini ya hapa. Mwezi huo huo jeshi la Kenya likaingia Somalia. Balozi zikawakataza raia wao kuja. Yakafuata mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, na amri ya kutotoka nje usiku. Wavuvi walizuiwa kuvua usiku, na wengi huvua usiku.

Nitawapa picha moja ya miaka ile. Binamu yangu alikuwa mlinzi wa nyumba yenye vitanda kumi. Wenyewe hawakuja misimu mitatu. Kila asubuhi alifagia vyumba vyote, akabadilisha maji ya birika la kunawia miguu mlangoni, lile lenye visamaki vya kula mabuu ya mbu, na kila Alhamisi akatoa mashuka yote juani ili yasioze, akayarudisha, akatandika vitanda kumi. Yeye alilala kwenye mkeka darini. Mshahara ulikuja nusu, kisha robo. Hakuiacha. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Nyumba yetu hii, wao wanakaa tu." Kwa upande wa mama yake, gofu lile lilikuwa la ukoo wao.

---

mgeni_njiani

Hiyo imenigusa. Ulisema utarudi kwenye milima ya mchanga?

---

mwana_wa_shela

Narudi, na ndicho kipande cha mwisho, betri yenyewe imefika pabaya.

Ile milima ndiyo tangi la kisiwa. Mvua ikinyesha juu ya mchanga haitiririki, inazama moja kwa moja. Huko chini inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanaelea juu yake. Watu wa elimu ya maji wana hesabu yao: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake zipo kama mita 40 nyingine. Inapendeza kusikia, mpaka uigeuze. Ukivuta maji yakashuka mita 1 tu, chumvi huko chini inapanda kwa mita 40.

Visima vinavyolisha mji mzima wa Amu vipo hapa nyuma ya Shela. Mtu wa Langoni anayenichokoza anatia chai kwa maji ya kwetu 😄. Milima imewekwa chini ya hifadhi kwa sababu hiyo, lakini magomvi ya hati za viwanja katikati ya mchanga hayaishi. Anayejenga juu yake anapata upepo na mandhari ya bahari, na choo chake kinazama mahali pale pale mvua inapozama. Majumba nayo yamekuja na mabwawa ya kuogelea na bustani za majani. Mti wa jangwani hauombi maji kila jioni, majani ya Ulaya yanaomba.

Bibi alikuwa na elimu yake. Kila kisima cha mtaa alikijua kwa ulimi. Alitia kidole, akaonja, akatoa hukumu kwa Kiamu chake: haya mai ya kunwa, haya ya kupikia, haya ya kukoshea. Kisima cha gofu letu, kabla ya kuuzwa, kilikuwa cha kunwa. Watu walitoka mitaa mingine na ndoo kichwani wakakijia. Hata baada ya kuuza, mnunuzi alimruhusu bibi kuchota kupitia mlango wa nyuma, mpaka alipofariki.

---

mtu_wa_langoni

Nimenyamaza kwa adabu 😂 Na hicho kisima bado kipo?

---

mwana_wa_shela

Kipo. Kimefunikwa kwa ubao wa mvule na juu yake wameweka chungu cha maua. Kaskazi iliyopita nilikwenda kumrekebishia mlinzi plasta ya kiwanda, nikamwomba anifunulie. Kamba na ndoo hakuna siku hizi, kuna pampu. Nikafungua mfereji, nikatia kidole, nikaonja.

Ya kukoshea.